Dhahabu yaweza kupatikana bila zebaki

Wakati mmoja alikuja kwangu mwanamume wa makamo ambaye mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kushika kikombe. Kijijini kwao walimwita mlevi. Mimi pia nilimwuliza kuhusu pombe kabla ya kumwuliza kuhusu kazi yake. Alikuwa haonji pombe. Kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu.

Huko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, watu wengi huishi kwa kuchimba dhahabu. Katika sehemu kama Macalder na Osiri, mawe husagwa, unga wake ukaoshwa, kisha ukachanganywa na zebaki, ile metali ya majimaji iliyomo katika vipimajoto vya zamani. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu na kuwa donge. Donge likichomwa, zebaki huruka na dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na hapo ndipo hatari ilipo. Karibu asilimia 80 ya zebaki inayovutwa kwa pumzi hubaki mwilini. Huingia katika ubongo na figo, na kwa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Anayechoma donge kwenye jiko la nyumbani huwavutisha sumu watu wote wa nyumba hiyo.

Usifikiri kwamba mtu wa mjini ameepuka. Dhahabu ikifika kwa mnunuzi huwa bado ina zebaki kidogo, naye huiyeyusha tena. Jirani wa duka hilo huvuta hewa ile ile.

Dalili zake

Dalili za kawaida ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, fizi kuvimba na mate kujaa kinywani. Zipo dawa za kusaidia kuitoa zebaki mwilini, lakini haziwezi kurudisha ubongo uliokwisha kuharibika. Kunywa maziwa hakuzuii mvuke kuingia mapafuni.

Je, na samaki?

Mto Migori huungana na Mto Kuja, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria huko Nyatike. Ziwa hilo hilo ndilo linalowalisha watu wa Mbita, Sindo na mji wa Homa Bay. Zebaki ikifika kwenye matope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia katika samaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake hukusanya nyingi kuliko mdogo.

Hata hivyo, usiache kula samaki. Vipimo kadhaa vilivyofanywa katika ziwa hilo viliona kwamba samaki wengi wana zebaki chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mama mjamzito na ale omena na ngege zaidi kuliko mbuta mkubwa. Kazi yetu ni kuzuia hali isiharibike.

Njia safi

Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kutengeneza vitu bila kuchafua mazingira. Ya kwanza yasema ni afadhali kuzuia taka isitokee kuliko kuisafisha baadaye. Sisi madaktari husema kinga ni bora kuliko tiba. Ni neno moja.

Kwa dhahabu, kinga hiyo ipo. Wachimbaji wa Benguet, nchini Ufilipino, kwa miaka mingi wametumia boraksi, chumvi nyeupe inayojulikana pia na wachomeleaji. Kwanza unga huoshwa vizuri hadi ubaki mchanga mzito wenye dhahabu nyingi. Kisha huchanganywa na boraksi na kuyeyushwa kwa moto mkali wa makaa unaovuviwa. Boraksi huufanya uchafu uyeyuke upesi na kuelea juu, nayo dhahabu, kwa kuwa ni nzito, huzama chini. Zebaki haihitajiki hata tone. Boraksi nayo si ya kuliwa. Iwekwe mbali na watoto.

Njia hii hudai ujuzi wa kuosha na moto wa kutosha. Ambaye hajaifikia atumie angalau retoti, chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Ikitumiwa sawasawa, hurudisha zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za zebaki, nayo huweza kutumiwa tena.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa donge hadharani na katika makazi ya watu.

Ufanye nini?

Kama una ndugu machimboni, mwambie asichome dhahabu ndani ya nyumba, na asiwaweke watoto wala wajawazito karibu. Zebaki ikimwagika usiifagie, kwani ufagio huitawanya. Fungua madirisha na uwaondoe watoto. Nguo za kazi zisilale chumbani.

Na ukienda kwa daktari, mweleze kazi yako hata kama hakukuuliza. Mkojo waweza kupimwa zebaki. Mgonjwa wangu alipoacha kuchoma, mikono yake ilitulia kiasi cha kushika kikombe. Usahaulifu haukumwisha.