Ufuko wa Saint-Malo na Mgeni wa Hotelini (Sehemu ya Nne)

Tangu Bunge la Ufaransa lilipopitisha, Novemba 2024, sheria ya kudhibiti nyumba zinazopangishwa watalii kwa siku, naulizwa kama mtu anayekwenda Saint-Malo apange fleti au alale hotelini. Alale hotelini, tena ndani ya kuta za mji wa kale. Jibu ni fupi, lakini sababu zake zinaanzia mwaka 1681.

Habari za Dieppe na namna Wafaransa walivyozoea kuoga baharini tumekwisha kuzimaliza. Saint-Malo ni mji wa mabaharia, umezungushiwa ukuta wa mawe na bahari imeukumbatia karibu pande zote. Aliyepata chumba karibu na lango la Saint-Vincent hana haja ya gari: anashuka ngazi, anapita duka la mikate, anatokea lango jingine, na tayari yuko mchangani. Katika hoteli niliyolala, ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji ilibandikwa kando ya ndoano za funguo, na mhudumu alinionyesha hiyo kwanza kabla ya kuniambia saa za kifungua kinywa. Hakukosea. Wakati wa bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapo hupita mita 12. Bahari ikipwa unakwenda kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand, mzaliwa wa mji huo. Ukichelewa kurudi, njia inafunikwa nawe unabaki kisiwani hadi maji yapwe tena.

Eneo hilo lote, la maji saa hii na la mchanga baadaye, ni la nani? Hapa ndipo ninapomvulia kofia Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV. Amri kuu ya mambo ya bahari ya Agosti 1681 ilitamka kwamba ufuko ni sehemu yote ambayo bahari huifunika na kuifunua mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hadi yanapofika maji makubwa ya Machi. Tazama ustadi huo! Mpaka haukuachiwa kamba ya mpimaji wala kauli ya tajiri mwenye shamba, uliachiwa mwezi. Aliyejenga au kuchimbia nguzo ufukoni, akahatarisha safari za vyombo, alibomolewa, akanyang'anywa vifaa na kutozwa faini. Colbert hakuwawazia waogaji hata kidogo. Alitaka mabaharia kwa ajili ya manowari za mfalme, na amri yake iliingia hadi kwenye ukataji wa mwani ambao wakulima wa pwani waliutumia kurutubisha mashamba. Hata hivyo waogaji wa leo wanayala matunda yake.

Amri hiyo ilihusu bahari ya kupwa na kujaa. Mediterania, ambako maji husogea kidogo tu, ilibaki na mpaka uliorithiwa kutoka sheria za Kirumi, hadi mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilipoamua mwaka 1973 kuwa kipimo kiwe kimoja kwa bahari zote. Mwaka 1976 waenda kwa miguu wakapewa haki ya njia ya mita 3 kwenye mashamba na viwanja vya watu vinavyopakana na pwani. Mwaka 1986 ikaja sheria ya pwani, ikatamka kuwa kufika ufukoni ni bure na huru. Mgeni wa hoteli ya nyota tano na mvuvi wanakanyaga mchanga mmoja, na hakuna mlinzi wa kumuuliza mvuvi anakwenda wapi. Kwangu mimi jambo hilo linaizidi fahari ya kasri lolote la Ufaransa.

Mchanga umelindwa, nyumba ndizo zilizosahauliwa. Mji wa ndani ya kuta uliteketea Agosti 1944, ukainuliwa upya kwa mawe ya itale ili watu warudi kuishi humo, si kuugeuza mandhari ya picha. Kila fleti inayogeuzwa ya kupangisha kwa siku inamsukuma nje mwalimu, muuguzi au mwoka mikate. Mwaka 2021 baraza la mji liliweka ukomo wa nyumba hizo kwa kila mtaa. Sheria ya 2024 imezipa halmashauri nguvu zaidi, ikiwemo kupunguza siku za kupangisha makazi ya kudumu kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka. Hoteli haimnyang'anyi mtu makazi, na anayelipia chumba chake anawaachia wenyeji nyumba zao.

Bamvua kubwa zaidi huja karibu na siku za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana, na wengi husafiri makusudi kuziona. Chumba kiagizwe mapema. Sehemu ijayo tutakwenda Cabourg, kwenye hoteli aliyokuwa akishukia Marcel Proust kila kiangazi kuanzia 1907 hadi 1914.