Kufundisha Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza cha Kuandika

Katika madaftari ya wanafunzi wa Masasi na Newala, mwalimu aweza kukuta sentensi kama "The nuts must dried". Kosa hili halitokani na uvivu. Kiswahili, kama vile Kimakonde, Kimakua na Kiyao, huonyesha kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe: "Lazima korosho zikaushwe". Sauti moja, -w-, yatosha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Hutumia "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi.

Anza, basi, na lugha wanayoijua. Andika ubaoni sentensi hiyo ya Kiswahili, wanafunzi waipigie mstari -w-. Chini yake andika "The nuts must be dried", ukionyesha kwamba "lazima" imekuwa "must", na "zikaushwe" imekuwa "be dried". Kisha badilini kitenzi kisaidizi pekee: "can be dried", "should be dried". "Be" haibadiliki, korosho iwe moja au nyingi.

Neno hilo dogo lina uzito. "The head teacher must be told" humaanisha mwalimu mkuu aambiwe. "The head teacher must tell" humaanisha yeye ndiye aseme. "Be" ikidondoka, wajibu huhamia kwa mtu mwingine, na barua hupotosha.

Mwisho, kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza kanuni tatu za kutayarisha korosho kabla ya kuzipeleka katika chama cha msingi: ziokotwe, zikaushwe, zichambuliwe. Wakati wa kusahihisha, uliza swali moja tu: "be" iko wapi?