Mshindi na Mshinde

Vita havimaliziki siku ile mizinga inaponyamaza. Hapo huanza kazi nyingine, nayo ni kuamua mambo ya mshinde, yaani yule aliyeshindwa: mipaka yake itakuwa wapi, atalipa nini, naye ataachiwa silaha gani. Kazi hiyo hufanywa kwa kalamu. Lakini kalamu yaweza kuponya jeraha, tena yaweza kulitonesha. Habari za Ufaransa na Ujerumani zaonyesha jambo hili wazi.

Mwaka 1871 Wajerumani waliwashinda Wafaransa. Wakatwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, wakawatoza faranga milioni elfu tano. Tena walimtangaza mfalme wao kuwa Kaisari katika ukumbi wa vioo wa jumba la Versailles, katika nchi ya Wafaransa wenyewe. Aibu ile Wafaransa hawakuisahau.

Hata mwaka 1914 ikaja Vita Kuu, ikaisha tarehe 11 Novemba 1918, na sasa Wajerumani ndio walioshindwa. Januari 1919 wajumbe wa dola zilizoshinda walikusanyika Paris. Wakuu wa shauri lile walikuwa Clemenceau wa Ufaransa, Lloyd George wa Uingereza, Wilson wa Marekani na Orlando wa Italia. Wajerumani hawakualikwa kushauriana nao. Mwezi wa Mei waliitwa, wakapewa hati iliyokwisha kuandikwa, wakaruhusiwa kuijibu kwa barua tu. Tarehe 28 Juni wakatia sahihi, katika ukumbi ule ule wa vioo.

Masharti yalikuwa mazito. Alsace na Lorraine zirudishwe; jeshi lisizidi watu 100,000; wasiwe na ndege za vita; tena wakubali kwamba hasara za vita ni juu yao, wazilipe. Mwaka 1921 fidia hiyo ilihesabiwa kuwa marki za dhahabu milioni 132,000.

Tena walinyang'anywa makoloni yao yote. Hivyo Afrika ya Mashariki ya Wajerumani iligawanywa. Sehemu kubwa walipewa Waingereza, ikaitwa Tanganyika. Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji. Na Kionga, pembe ndogo kusini ya mto Ruvuma, wakapewa Wareno. Wenyeji wa nchi hizo walikuwa wamechukua mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na maelfu mengi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeketi mezani Paris akaulizwa ni nani amtawale. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Je, matunda ya hati ile yalikuwa nini? Wajerumani waliiona kuwa ni amri, wala si mapatano. Mwaka 1923 fedha yao ilipoteza thamani kabisa, na akiba ya watu wengi ikawa si kitu. Hitler akaichochea hasira yao, akashika serikali mwaka 1933, na mwaka 1939 vita vikawaka tena. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini uchungu wa Versailles ulikuwa mmojawapo. Juni 1940 Wafaransa waliposhindwa, Hitler aliwalazimisha kutia sahihi katika behewa lile lile la gari la moshi ambamo Wajerumani walitia sahihi mwaka 1918. Hivyo ndivyo kisasi kilivyozaa kisasi.

Mwaka 1945 Ujerumani ilishindwa mara ya pili. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi zikaigawanya sehemu nne, na mgawanyiko wa mashariki na magharibi ulidumu mpaka mwaka 1990. Lakini safari hii wakuu waliotenda maovu walishtakiwa mmoja mmoja katika mji wa Nuremberg. Kisha Marekani ikasaidia kuijenga upya Ulaya ya magharibi, na sehemu ya magharibi ya Ujerumani pia. Mwaka 1951 wajumbe wa Ufaransa na wa Ujerumani ya Magharibi, pamoja na wa nchi nne nyingine, waliketi meza moja Paris, wakapatana kuchunga pamoja makaa ya mawe na chuma, vitu ambavyo silaha hazifanyiki bila hivyo. Tangu mwaka 1945 Wafaransa na Wajerumani hawajapigana tena.

Basi, mshindi ana nguvu za kuandika apendalo. Lakini amani hudumu pale mshinde naye anapopata mahali pa kuketi.