Mbizi Asubuhi, Laptop Mchana: Pesa Zako Zikae Vipi Ukifanyia Kazi Mombasa

Ukiwa na mteja wa London na wewe uko Mombasa, kuna zawadi umepewa na huenda hujaitumia: asubuhi nzima ni yako. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tunawatangulia kwa saa tatu. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, hapa ni saa sita mchana. Mteja wa New York ndiye kabisa, kwa sababu saa tatu yake ya asubuhi inakukuta saa kumi na moja jioni.

Na miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, bahari inapotulia na maji ya Nyali na Bamburi kuwa safi ya kutosha mtu kuona anachokifuata huko chini. Ndiyo maana vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, Wakenya na wageni, wanazidi kukodi vyumba kisiwani, wengine Mji wa Kale kabisa. Wanapiga mbizi asubuhi, mchana wanafungua laptop. (Kwa wageni, serikali ilianzisha kibali cha Class N mwaka wa 2024 kwa watu wa kazi hizi. Mkenya haimhusu.)

Ni maisha mazuri. Lakini yanakula pesa kwa njia ambayo bajeti ya kawaida ya mwezi haiioni, na sehemu kubwa ya pesa hizo inapita kwenye simu yako.

Bahari haina kalenda ya Google

Tuanze na boti, maana hapo ndipo watu hulia. Boti hutegemea upepo na maji kujaa na kupwa. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo boti iliyoondoka saa mbili leo si lazima iondoke saa mbili keshokutwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hupwa sana na boti inaweza kukwama ndani ya mwamba ikisubiri yajae. Ukipanga mkutano wa saa sita na mteja huku boti yako inarudi saa sita kasoro robo, utakuwa unajibu maswali ya bajeti ukiwa na chumvi masikioni. Uliza saa za boti za wiki nzima kwanza, halafu ndipo umwambie mteja saa zako.

Kusi nayo ni habari nyingine. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba upepo hugeuka, mawimbi huwa makubwa na maji huchafuka. Siku nyingi boti hazitoki, na baadhi ya watoa huduma hufunga kabisa katikati ya msimu. Sasa fikiria umeona bei nzuri ya mbizi sita mwezi wa Juni, tuseme shilingi 48,000, ukalipa zote mara moja kwa sababu uliambiwa ofa inaisha leo. Upepo ukikaa wiki mbili, pesa yako iko wapi?

Hili tunaulizwa sana, kwa hiyo tuliseme wazi. Ombi la kurudisha pesa kwenye huduma ya simu ni la pesa iliyokwenda kwa mtu asiye sahihi: ulikosea namba, ukatuma. Haliamui ugomvi wa huduma. Ukimlipa mwenye boti kwa hiari na boti isitoke, kwa mfumo malipo yako yalikuwa sawa kabisa. Kinachokulinda ni mlichokubaliana kabla ya kulipa. Kwa hiyo muulize kwa meseji, si kwa mdomo: upepo ukizuia, narudishiwa pesa au napewa siku nyingine? Akishajibu, lipa kiasi cha kushikilia nafasi tu, na kilichobaki ulipe siku ya boti. Mwenye biashara ya kweli hatakasirika, amezoea. Anayekusukuma ulipe zote sasa hivi kwa namba yake binafsi, mwache aende na ofa yake.

Ukilipa kwa till au paybill, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Kama umeongea na duka la mbizi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo hapo na upige simu. Tabia hii ikusaidie pia kwenye kiingilio cha hifadhi za bahari. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, paybill yake ni 222222, na hifadhi za KWS ziko humo. Mtu akikwambia umtumie yeye kwanza halafu atakulipia, muombe risiti ya eCitizen kabla hamjapanda boti.

Meli iliyozamishwa, na meli iliyozama

Wengi huja kwa sababu ya MV Dania. Ilikuwa meli ya kubebea mifugo, na mwaka wa 2002 ilizamishwa makusudi karibu na pwani ya Nyali na Bamburi ili iwe mwamba wa kutengenezwa, makao ya samaki. Imelala kama mita 30 chini. Cheti cha mwanzo cha kupiga mbizi kinakufikisha mita 18, kwa hiyo kuiona vizuri kunahitaji kozi ya pili. Hiyo si gharama ndogo. Iweke kwenye bajeti mapema badala ya kuigundua ukiwa dukani umevaa suti ya mbizi.

Kama hutaki kulowa, kuna meli nyingine. Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Wanaakiolojia waliichimba chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu walivyovitoa vinaonyeshwa kwenye makumbusho ya ngome yenyewe. Kutoka Ndia Kuu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa siku ambayo boti haikutoka, mimi naona hiyo ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote, na bado utarudi kwenye kazi na nguo kavu.

Ukitaka mlima pia, anza na mlima

Kuna watu wanachanganya bahari na miamba. Kutoka Mombasa si vigumu: treni ya Madaraka inayosimama njiani inakushusha Voi, na kutoka hapo unapanda Taita, hadi mwamba wa Wesu pale Wundanyi au kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Wenye nguvu zaidi hupitia Taveta kwenda Kilimanjaro.

Tatizo ni mpangilio. Ukipiga mbizi kwa mtungi, mgandamizo wa maji huingiza naitrojeni mwilini, na hutoka polepole baada ya kupanda juu. Ukienda mahali penye hewa nyepesi mapema, naitrojeni hiyo hutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Inauma na inaweza kulemaza. Mwongozo unaotumiwa sana na wapiga mbizi ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege kama ulipiga mbizi moja tu, na angalau saa 18 kama zilikuwa kadhaa au za siku mfululizo.

Wengi wanajua hilo la ndege. Wanalosahau ni kwamba mwili haujui kama uko ndani ya ndege au ndani ya matatu. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Mtu anayetoka majini Jumapili saa tano na kupanda treni ya usiku huo huo kwa sababu Jumatatu ana kazi anajiweka pabaya, hata kama hakuona kiwanja cha ndege. Kwa hiyo panda Taita kwanza, halafu teremka baharini, na siku ya mwisho Mombasa iwe ya laptop na viazi karai. Ndiyo, ni usiku mmoja zaidi wa kulipia chumba. Ulipie, na uuweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana watu huvunja kanuni hii hasa kwa sababu pesa ya chumba imeisha.

Chumba, kuta na bando

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, vichochoro vyembamba. Ndani kuna ubaridi mtamu, ila mawimbi ya simu nayo yanabaki nje. Kabla ya kulipia mwezi, kaa kwenye chumba chenyewe, si kwenye baraza, upige simu ya video ya dakika kumi kwa bando lako. Ikikatika, omba usiku mbili tu kwanza.

Kuwa na laini ya pili ya mtandao mwingine husaidia nyaya za mtaa zikikatika. Mei 2024 ilikuwa tofauti. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikapungua kasi Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo unaweza kushindwa kufungua programu ya malipo kwenye simu, lakini menyu ile ya nyota na reli haitumii intaneti. Ijue kwa kichwa. Nauli ya tuktuk haisubiri intaneti irudi.

Kuhusu kiasi: tangu Agosti 2023 akaunti ya pesa kwa simu inaweza kushika hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Malipo ya mteja wa nje yakiingia, usiyaache yote kwenye laini unayoibeba botini. Acha ya wiki moja, nyingine ihamie benki au akiba. Simu ikianguka majini pesa haizami nayo, maana iko kwenye akaunti. Unapiga simu kwa mtandao wako laini ifungwe, unakwenda dukani na kitambulisho chako halisi, unapewa laini mpya. Ila kitambulisho hicho kisiwe kwenye mfuko ule ule uliozama na simu.