Krimu za Bakteria Rafiki: Tununue au Tuache?

Wapendwa akina mama, bila shaka mnafahamu jinsi baridi ya hapa Mbeya inavyotutesa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Midomo inapasuka, visigino vinachanika, na mashavu ya watoto yanakauka hata kuwasha. Ndiyo majira ambayo wauza vipodozi hupata wateja wengi. Mwaka jana walitufikia hata usharikani, mara tu baada ya kipindi cha wanawake cha siku ya Alhamisi.

Dada aliyetujia alikuwa nadhifu na mwenye maneno mazuri. Alifungua boksi lenye vitu vinne: sabuni ya maji ya kunawia uso, maji ya kupaka baada ya kunawa, seramu, na krimu ya usiku. Alisema vipodozi hivyo vina probiotiki, yaani bakteria rafiki, ndugu zao wale wanaogandisha mtindi, na kwamba vinaondoa chunusi, makunyanzi, madoa na pumu ya ngozi. Bei ya seti nzima ilikuwa shilingi 180,000, na mtu aliruhusiwa kulipa kwa awamu mbili.

Mama mmoja wa kundi letu ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Ametupa ruhusa kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Kwa muda wa miaka minne alipaka mkorogo uliouzwa katika vikopo visivyo na maandishi, akiamini kwamba mumewe angependezwa na weupe. Mwishowe uso ulianza kuwaka moto kila alipotoka juani. Mashavu yakawa mekundu, kisha yakaota weusi wa kijivu, akawa anajifunika kanga hata wakati wa ibada. Siku ile alisikia kwamba kuna kitu cha kurudisha ngozi yake. Fedha alizotaka kulipa zilikuwa za mahitaji ya binti yake, aliyekuwa arudi bweni mwezi wa saba.

"Sista, niambieni ukweli," alitugeukia sisi wauguzi. "Ninunue au niache?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tulimwomba asilipe kitu mpaka Alhamisi inayofuata, nasi tukachukua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi tukaisome kwa utulivu. Haya ndiyo tuliyoyapima, nasi tunayaleta kwenu kwa kuwa tunajua swali hili liko katika nyumba nyingi.

BAKTERIA RAFIKI NI NINI?

Tumezoea kusikia kwamba bakteria ni adui. Lakini Muumba hakutuacha peke yetu katika ngozi zetu. Juu ya ngozi ya kila mtu mwenye afya wanaishi bakteria wengi wasiodhuru, na mmojawapo huitwa Staphylococcus epidermidis. Hao huchukua nafasi na chakula ambacho vijidudu vya maradhi vingekitaka. Mtoto huwapata wa kwanza kutoka kwa mama yake, wakati wa kuzaliwa na wakati wa kupakatwa.

Ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, na uchachu huo huwafaa bakteria rafiki. Sabuni ya kipande, hasa ile ya kufulia, huondoa uchachu huo na mafuta ya asili. Ndiyo sababu mtu anayejisugua kila siku kwa sabuni kali huona ngozi inabana na kuwasha.

Wazo la kutumia bakteria kwa ajili ya afya si jipya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwanasayansi Ilya Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alifundisha kwamba maziwa yaliyochachuka yanasaidia kurefusha maisha. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo walieleza maana ya probiotiki: ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Tafadhali shikeni maneno hayo mawili, "vilivyo hai", kwa maana tutayarudia.

FAIDA ZAKE

Tuseme haki: mambo haya si uongo mtupu. Kwanza, bidhaa nyingi za namna hii ni laini kuliko sabuni tulizozoea, na krimu yoyote nzuri hutunza maji ya ngozi. Mtu aliyeacha sabuni ya kufulia akaanza kupaka krimu asubuhi na jioni ataona nafuu.

Pili, upo utafiti wenye kutia moyo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 75 wenye pumu ya ngozi. Kwa siku 30, wengine walipaka krimu yenye vipande vya bakteria aitwaye Vitreoscilla filiformis na wengine krimu isiyo na vipande hivyo. Waliopaka ya bakteria walipata nafuu zaidi ya wenzao. Ila tukumbuke kwamba watu 75 ni wachache, siku 30 ni chache, na baadhi ya watafiti walitoka kampuni ya vipodozi ya L'Oréal.

Tatu, krimu ya namna hii ikiwa ni halisi na imesajiliwa, haina sababu ya kuchubua ngozi. Mama aliyeiacha mikorogo akapaka hii ametoka mahali pa hatari.

HASARA ZAKE

Sasa turudi kwenye yale maneno "vilivyo hai". Krimu yoyote yenye maji huota ukungu na vijidudu vibaya isipotiwa dawa ya kuihifadhi. Lakini dawa hiyo hiyo huua na bakteria rafiki! Kwa hiyo, sehemu kubwa ya krimu zinazoitwa za probiotiki hazina bakteria hai hata mmoja. Zina vipande vya bakteria waliokufa, au maji yaliyobaki baada ya kuchachusha. Ukisoma boksi utakuta maneno kama "Bifida Ferment Lysate" au "Lactobacillus Ferment". Huenda vitu hivyo vinasaidia kidogo, lakini si sawa na kusema unapaka bakteria hai. Zipo chache zenye bakteria hai kweli, nazo huhitaji uangalifu mkubwa, mara nyingi na jokofu. Iliyokaa juani katika meza ya soko la Mwanjelwa itakuwa na nini hai ndani yake?

Hasara ya pili ni ahadi. Chunusi, makunyanzi, madoa na pumu ya ngozi ni mambo manne yenye vyanzo tofauti. Kitu kimoja kinachosemwa kuyaponya yote tukitilie shaka.

Ya tatu ni wale wasiopaswa kujaribu bila kumwona daktari. Hao ni watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, watu ambao kinga yao imeshuka, na yeyote mwenye kidonda au ngozi iliyochubuka. Bakteria asiyedhuru juu ya ngozi nzima anaweza kuleta matata akipata mlango wa kuingia.

Na ya nne ni bei. Kopo la mafuta ya mgando halifiki shilingi 10,000, na kwa kazi ya kuzuia ukavu linatosha kabisa. Hata mafuta ya parachichi yanayokamuliwa huku kwetu Nyanda za Juu yanalainisha ngozi vizuri.

MTINDI WA NYUMBANI JE?

Wengine wametuuliza: kwa nini tusijipake mtindi, maana Rungwe kuna maziwa tele? Mtindi si dawa ya ngozi, na kwenye ngozi yenye mipasuko unaweza kuwasha. Tena yako maziwa yaliyogandishwa bila kuchemshwa. Hayo yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na kuchachuka peke yake hakutoshi kuviua. Chemsheni maziwa kwanza, yakipoa kiasi ndipo mtie mbegu ya mtindi.

Faida ya mtindi iko katika kuunywa. Mwaka 2004 huko Mwanza, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria rafiki kwa ajili ya lishe na kipato. Hiyo ni njia ambayo shilingi moja inalisha nyumba nzima.

KABLA YA KUFUNGUA MKOBA

1. Soma boksi. Lisiloonyesha mtengenezaji, vilivyomo na tarehe ya mwisho wa matumizi, rudisha. Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo lina ofisi hapa Mbeya. Uliza kama bidhaa imesajiliwa.

2. Angalia kama ndani yake kuna zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi kama klobetasoli. Zebaki huharibu figo na humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni inaweza kuacha weusi usiotoka. Krimu yoyote "ya probiotiki" inayokung'arisha kwa wiki moja, iache mara moja ukamwone daktari.

3. Ijaribu kwanza kwa siku saba, kidogo tu, kwenye kiwiko upande wa ndani. Ikiwasha au kuleta vipele, usiipake usoni.

4. Ongea na mwenzako nyumbani. Krimu inayofichwa chini ya kitanda imeshaanza kugharimu zaidi ya bei yake.

TULIMJIBU NINI MWENZETU?

Alhamisi ilipofika tulimweleza haya yote. Tukamwambia pia kwamba uso wake haukuhitaji kipodozi bali daktari. Mtu aliyepaka steroidi kwa miaka, akiziacha ghafla, uso huweza kuwaka na kuvimba kuliko mwanzo, na krimu nyingine juu yake huongeza moto. Inafaa aongozwe na mtaalamu. Nchi yetu ina bahati ya kuwa na kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na waliosoma hapo wamesaidia wengi.

Alilia kidogo. Alisema si uso tu uliokuwa unamuuma, bali zile fedha za binti alizokuwa karibu kuzitoa. Mmoja wetu alimsindikiza hospitali. Siku hiyo hiyo jioni alimweleza mumewe habari yote, na kumbe yule baba hakuwahi kutaka mke mweupe. Alidhani mkewe anajificha kwa sababu amemchoka yeye!

Binti alirudi bweni na kila kitu chake. Mama anaendelea na matibabu. Hutumia sabuni laini, mafuta ya mgando, na kofia pana anapokwenda shambani. Alama bado zipo mashavuni, na daktari hakumficha kwamba nyingine hazitatoka. Lakini kanga ameiteremsha mabegani, na mwezi uliopita ndiye aliyeongoza maombi.

Basi, akina mama, mwenye ngozi nzima na fedha ya ziada, akitaka kujaribu krimu iliyosajiliwa, hatumkatazi. Ila asiinunue kama dawa, na asiinunue kwa fedha ya mtoto. Na wewe mwenye uso unaowaka kwa mkorogo, usione haya kutufuata sisi wauguzi. Tumeona mengi, na hatutakucheka.