Wamunyu: Kijiji cha Ukambani Kilichochota Ufundi Pwani

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Msomaji aliyepata kupita karibu na Fort Jesus mjini Mombasa, au katika maduka ya Malindi, amewaona twiga, simba na vifaru wa mti wamepangwa barazani wakimngojea mtalii. Wengi wetu husema, "Vinyago vya Wakamba hivyo," tukapita zetu. Ni wachache wanaojua kwamba kazi hiyo ina kwao, na kwao ni kijiji kiitwacho Wamunyu, huko Machakos. Na wachache zaidi wanajua kwamba Wamunyu nayo ilijifunza kazi hiyo kwa watu wa pwani.

Ukitoka mjini Machakos, penye milima ya Iveti, ukashika njia ya kwenda Kitui, nchi huanza kuteremka na kukauka. Utapita Masii, kisha utafika Wamunyu, kabla ya kuvuka mto Athi. Ni nchi ya mvua mbili kwa mwaka, za masika na za vuli, na mara nyingi moja kati ya hizo haiji. Watu hulima mahindi, kunde, pojo na mbaazi, zile zile tunazozipika kwa tui tukazila kwa mahamri. Mvua ikikosekana, shamba halimtoshi mtu. Hapo ndipo tezo inapoingia mkononi.

KABLA YA VITA

Wakamba walikuwa mafundi tangu zamani. Walichonga pinde na mizinga ya nyuki, na wazee wao walikalia vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi kwa nyuzi za shaba. Wanawake walisuka vyondo kwa nyuzi za magome ya mbuyu, na baadaye kwa katani, na mpaka leo wanasuka.

Wala hawakuwa wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, ikirudi bara na nguo na shanga. Lakini hakuna aliyechonga ndovu wa mti ili amuuze. Mti ulichongwa kwa haja ya nyumbani na kwa heshima ya mzee.

KARIAKOO YALETA UFUNDI

Mambo yaligeuka kwa sababu ya vita vya watu wengine. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walipoanza kupigana Afrika Mashariki, maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Ndio hao "Karia Koo", ambao jina lao limebaki mpaka leo katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Wengi hawakurudi. Waliobahatika kurudi, wengi wao walirudi mikono mitupu.

Mkamba mmoja wa Wamunyu, Mutisya wa Munge, hakurudi mikono mitupu. Nyumbani alikuwa akijulikana kwa kuchonga bakora na vigoda. Vita vilipomfikisha Tanganyika aliwaona mafundi wa huko wakichonga sanamu za kuuza. Wako wasemao walikuwa Wamakonde, na wako wasemao walikuwa Wazaramo, watu wa Mrima. Vita vilipokwisha mwaka 1918, Mutisya alirejea kwao akaanza kuchonga watu na wanyama, akawauzia Wazungu.

Kwanza ufundi ulikaa nyumbani mwake, akiwafundisha wanawe na jamaa zake. Lakini kazi yenye fedha haifichiki. Jirani alitazama, akajaribu, akaweza. Ilipofika miaka ya 1950, vinyago vya Wamunyu vilikuwa vikiuzwa Nairobi na Mombasa, na kupelekwa mpaka Ulaya na Marekani.

KAZI ILIVYO

Atakaye kuiona kazi hiyo atawakuta mafundi wamekaa chini ya vibanda au vivuli vya miti, gogo katikati ya miguu, vibanzi vimewazunguka. Shoka hukata umbo la kwanza. Tezo, ambayo wao huiita ngomo, hutoa shingo, mgongo na miguu. Kisha huja kisu na tupa, na mwisho msasa na polishi.

Kila mtu ana mnyama wake. Wa twiga ni wa twiga, wa kifaru ni wa kifaru, na mwingine maisha yake yote ni vijiko na bakuli. Kijana hujifunza kwa kukaa kando ya baba au mjomba, akianza na msasa, kwani samaki mkunje angali mbichi. Kupiga msasa na kung'arisha mara nyingi ni kazi ya wanawake na watoto.

Kwetu Pwani uchongaji ulishika njia nyingine. Fundi wa Lamu au Unguja hutia maua na maandishi kwenye mlango, sanduku na marufaa ya kuwekea msahafu, na Waislamu wengi hawapendi kuweka sanamu ya kiumbe nyumbani. Lakini hakuna asiyetumia mwiko, bakuli au bakora, na vyote hivyo Wamunyu huvitoa. Tezo ni ile ile.

WARUDI PWANI

Wachongaji walifuata watalii, na watalii walifuata bahari. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Wengine walikwenda Malindi, na wengine Gikomba, Nairobi. Ufundi uliotoka pwani ya Tanganyika kwa miguu ya wapagazi ukarudi pwani kwa basi.

Sababu ya ushirika ni moja: bei. Mchongaji aliye peke yake na mwenye njaa hukubali chochote anachopewa na mlanguzi, naye mlanguzi huuza mara nyingi zaidi. Katika chama, kinyago hubandikwa namba ya mwenyewe, na kikiuzwa fedha humfikia.

MITI YAISHA

Sasa liko jambo zito kuliko bei. Mti uliopendwa kuliko yote ni muhugu, mgumu, laini kwa msasa, wenye harufu nzuri. Muhugu hukua polepole sana. Anayeukata leo hataona mwingine wa ukubwa ule maishani mwake. Karibu na Wamunyu ulikwisha zamani, na msumeno ukafika mpaka msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi. Mpingo nao umekuwa adimu, hata wako wanaopaka mti mwingine polishi nyeusi ya viatu ili mnunuzi adhani ni mpingo.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa misitu na vyama vya ushirika wamehimiza miti mingine inayokua upesi: jakaranda, mwembe, na zaidi ya yote mwarobaini. Mti huu uliotoka Bara Hindi, ambao kila nyumba ya Pwani huujua kwa dawa chungu ya homa, huota wenyewe mashambani, hata wakulima wengine huuona gugu. Ubao wake ni mzuri, mradi ukaushwe taratibu. Ukiharakishwa hupasuka, na sifa ya fundi hupasuka nao.

Kwa hiyo Pwani ina neno katika uhai wa kijiji hiki. Mwarobaini ulio nyuma ya nyumba Kilifi au Kwale unaweza kuwa chakula cha mtoto wa Wamunyu mwaka ambao mvua haikunyesha, na fedha kwa mwenye mti pia. Mnunuzi naye anaweza kusaidia kwa swali dogo tu kabla ya kutaja bei: "Huu ni mti gani?"