Siku Sitini za Duka Kubwa

Dada yangu mdogo aliolewa Navakholo, katika kaunti ya Kakamega, yapata miaka ishirini sasa, na kila nimtembeleapo hunipokea kwa mayai. Safari hii alinipokea kwa mayai na karatasi. Nilikuwa bado nina vumbi la njia alipozitoa mkobani na kuniambia, "Kaka, usilale kabla hujanisikilizia haya."

Zilikuwa kurasa saba: mkataba wa kampuni moja yenye maduka makubwa katika miji kadhaa, iliyotaka awe akiiletea mayai. Mimi ni mtu wa chuoni. Nimesoma Kiarabu cha vitabu na Kiswahili cha nyumbani, na Kiingereza changu ni cha kuokota. Basi binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, akasoma na kufasiri mstari baada ya mstari, mama yake amekunja miguu mkekani, nami nikisikiliza kama mwanafunzi.

Wasomaji wetu wa pwani huenda wakauliza, Navakholo ina nini na maduka makubwa? Ni nchi ya miwa. Wenyeji wake wengi ni Wanyala, jamaa ya Waluhya, na Waislamu wapo miongoni mwao, kwani Mumias haiko mbali. Na huko Mumias ndiko walikofikia wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka kwetu katika karne ya 19, wakaacha dini na lugha pamoja na nguo na shanga walizouza. Sokoni nilipopita asubuhi niliona vibanda, maduka ya rejareja na akina mama waliopanga nyanya zao kwa mafungu. Duka kubwa lenye jina la nchi nyingi sikuliona. Lakini kutoonekana kwake si kutokuwapo. Mayai yaliyopangwa chini ya taa nyeupe za mjini hutoka kwa kuku wa watu kama dada yangu, na fedha za duka hilo, kama tutakavyoona, hutoka kwao vilevile.

Kwani hili halikuwa lake la kwanza. Miaka kadhaa iliyopita aliuza mayai kwa duka kubwa katika mji mmoja wa magharibi, nalo sitalitaja jina. Alipeleka trei arubaini kila wiki, akipewa karatasi iliyogongwa muhuri na kuahidiwa malipo. Wiki kumi zikapita. Siku ya kumi na moja ya kupeleka, mlinzi alimwambia kuwa mlango haufunguliwi tena. Trei mia nne kwa shilingi 300 ni shilingi 120,000, na hadi leo hajaona hata senti. Kuku, kwa upande wao, hawakungoja. Chakula chao hununuliwa kwa fedha taslimu. Aliuza ng'ombe wa maziwa ili kuwalisha, na karo ya muhula ule ililipwa na mimi na ndugu yetu wa Malindi.

Hapa ndipo inafaa tuelewe duka kubwa linavyokwenda, kwa sababu wengi wetu twadhani mwenye duka lile ana fedha nyingi ndiyo maana rafu zake zimejaa. Mnunuzi akichukua mafuta na unga hulipa papo hapo. Aliyeleta mafuta na unga hulipwa baada ya siku thelathini, sitini, hata tisini. Katika siku hizo fedha ziko mikononi mwa duka, na duka lenye tamaa ya kukua huzitumia kufungua tawi jingine, ambalo nalo hujazwa bidhaa za mkopo. Mambo huenda vizuri maadamu mauzo yanapanda. Yakishuka, tawi la mwisho hulivuta la kwanza.

Nakumatt ni ushahidi ambao kila nyumba ya Kenya inaukumbuka. Jina lake lilitokana na magodoro ya Nakuru, na hata Tuskys ilianza kwa jina la Tusker Mattresses. Ajabu ya nchi yetu ni kwamba utajiri wa rafu ulianzia kitandani. Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ndovu wake alijulikana na watoto kabla ya kujua kusoma. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na deni la takriban shilingi bilioni 30. Tuskys nayo ikaanza kufunga matawi yake mwaka huohuo wa 2020. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kuanguka mara moja mwaka 2006 na kuinuliwa, kisha mwaka 2015 ikajitoa Uganda na Tanzania. Na kampuni inapofilisika safu ya wadai ina utaratibu wake: mwenye dhamana, aghalabu benki, yu mbele, wafanyakazi wana haki yao iliyotangulizwa kisheria, aliyeleta mayai bila dhamana yoyote ila karatasi yenye muhuri yu nyuma kabisa.

Nilimuuliza dada kama alikata tamaa na biashara. Akacheka, akaenda ndani akarudi na daftari.

Ana kiduka mbele ya nyumba: sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupima. Daftari lile lina majina ya jirani, na mbele ya kila jina kiasi: shilingi 340, shilingi 85, shilingi 1,200. Wengi ni wakulima wa miwa na wake zao. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wakulima walikuwa wakikidai fedha za miwa iliyokwisha kusagwa na kuliwa. Waliodaiwa madukani hawakuwa na cha kulipa. Hivyo kiwanda kilimdai subira mkulima, mkulima akamdai subira dada yangu, na duka kubwa nalo likamdai subira huyohuyo. Yeye hakuwa na wa kumdai.

"Hawa naweza kuwangoja," aliniambia akipitisha kidole juu ya majina. "Mama huyu najua mumewe anaumwa. Yule ana miwa shambani, naiona nikipita. Lakini wale wa duka kubwa, kaka, nilipiga simu wiki sita. Kila siku aliyepokea alikuwa mtu mwingine."

Fikihi imetenganisha mambo haya tangu zamani. Mdaiwa mwenye dhiki hupewa muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi anadhulumu. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Swala wala Saumu bali kuandikiana deni, na sharti mojawapo ni kuwa muda wake utajwe. Nilikuwa nikiifikiria aya hiyo binti alipofika ukurasa wa nne.

Mkataba ulisema malipo yatafanywa siku sitini baada ya ankara kupokewa na kuthibitishwa. Nikamwambia arudie. Kuthibitishwa na nani? Haikuandikwa. Kwa muda gani? Haikuandikwa. Basi siku sitini hazikuwa sitini. Zilikuwa sitini juu ya siku zisizojulikana, na funguo zake ziko kwa mnunuzi peke yake. Ukurasa wa tano uliongeza kuwa mayai yasiyouzwa yatarudishwa kwa gharama ya mwuzaji, na wa sita kwamba kampuni itakata asilimia fulani ya mauzo kama punguzo, na itaweza kuibadilisha kwa taarifa tu.

Msidhani masharti ya namna hii humpata mfugaji wa kijijini peke yake. Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa hapa Kenya na Majid Al Futtaim ya Dubai tangu mwaka 2016, ilishtakiwa mbele ya Mamlaka ya Ushindani na mtengenezaji wa maziwa ya mtindi kwa sababu ya makato na bidhaa kukataliwa. Desemba 2023 Mamlaka hiyo ikaitoza faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu za mnunuzi dhidi ya mwuza asali na dhidi ya Pwani Oil, ambayo mafuta na sabuni zake twazijua sana hapa kwetu. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Kwangu mimi kubwa ni kuwa sheria ipo, imerekebishwa mwaka 2019 kuhusu jambo hili hasa, na mlango wa malalamiko haukufungiwa mwenye kuku mia nne. Dada yangu hakuwa amepata kuusikia.

Sikumwambia akatae. Duka kubwa hununua trei arubaini kwa wakati mmoja, na soko la Navakholo haliwezi. Ana watoto watatu wanaosoma. Nilimwambia tu kwamba karatasi aliyoletewa ni maneno ya upande mmoja, na kwamba yeye pia ana kalamu.

Tulikesha hadi karibu na alfajiri. Binti akakata neno "kuthibitishwa" na "sitini", akaandika juu yake siku kumi na nne tangu mayai yapokewe na kuhesabiwa mbele ya mletaji. Makato akayawekea kiwango kisichobadilishwa bila saini za pande mbili. Mama yake akatia saini kando ya kila sahihisho, polepole, kwa herufi kubwa, kisha akaenda kutawadha.

Niliondoka Jumatatu. Mkataba ulikuwa umerudishwa mjini kwa mkono wa kijana wa bodaboda, na nyuma ya pikipiki hiyohiyo zilifungwa trei kumi na mbili za soko la Kakamega, za kulipwa siku hiyohiyo. Wiki ya tatu sasa, kampuni haijajibu.